Mitumbwi ya Anasa ya Kabaka



Wengi wenu mlituaga mwishoni mwa mwezi wa Mei, siku ile tulipoondoka Kalangalala watu 31 kwenda kuhiji Namugongo, na wengi mmekwisha kutuuliza habari za huko. Habari za misa ya tarehe 3 Juni, za wingi wa watu, na za kanisa lile lenye nguzo 22, mmezisikia kwa midomo yetu katika jumuiya zenu, nasi hatupendi kuwachosha kwa kuzirudia. Leo tunapenda kuwasimulia jambo ambalo hatukulikusudia tulipofunga mizigo yetu. Nalo ni habari za mitumbwi ya anasa ya wafalme wa Buganda: jinsi ilivyokuwa, mahali ilipopita, na jinsi habari zake zilivyotufikisha mpaka Bukumbi, karibu kabisa na nyumbani kwetu.

Njia yetu mnaijua. Tulipita Chato na Biharamulo, tukashika njia ya Muleba mpaka Bukoba, tukavuka Kagera pale Kyaka, tukaingia Uganda kwa mpaka wa Mutukula. Mahali pengi katika njia hiyo ziwa huonekana upande wa kuume, mara jeupe, mara la buluu, na kila tulipoliona akina mama walianza wimbo. Tulikwenda kwa furaha. Lakini hatuna budi kusema neno moja zaidi juu ya safari hiyo, ingawa ni neno la aibu kwetu.

Katika gari letu walikuwamo watu wawili wa jumuiya moja waliokuwa hawasalimiani. Mmoja ni mama mjane, aliyefiwa na mwanawe wa pekee. Kijana huyo alikuwa mchimbaji, akafukiwa katika duara wakati wa masika, miaka minne iliyopita, siku ambayo wenzake walisema udongo umelowa mno na haifai kushuka. Wa pili ni mwenye duara lile. Siku ya maziko alituma sanda na gunia la mchele, lakini mwenyewe hakuja. Tangu hapo, kila akimwamkia mama huyo mlangoni pa kanisa, mama hutazama pembeni. Wote wawili wametupa ruhusa kuyaandika haya, mradi tusitaje majina yao. Basi katika safari nzima mmoja aliketi mbele kabisa na mwingine nyuma kabisa, na sisi wengine tulikaa katikati tukijifanya hatuoni.

Ziwa lililochimbwa kwa mikono

Siku ya pili baada ya sikukuu, mwenyeji wetu, mzee mmoja katekista wa Kampala, alituambia, “Ninyi ni watu wa Nyanza. Njoni niwaoneshe ziwa ambalo Mungu hakuliumba.” Tukacheka, tukamfuata. Akatupeleka chini ya kilima cha Mengo, upande wa Ndeeba, tukaona maji mapana yaliyotulia, yenye majani ukingoni na ndege weupe. Kando yake nyumba za mji zimesongamana pande zote.

Hilo ndilo Ziwa la Kabaka. Lilichimbwa kwa amri ya Kabaka Mwanga katika miaka ya 1885 hadi 1888. Mfalme huyo alipenda sana mambo ya majini, naye alikusudia kuchimba mfereji kutoka hapo mpaka Nyanza, ili apande mtumbwi karibu na jumba lake na kushuka ziwani bila kukanyaga nchi kavu. Hapakuwa na mashine. Watu walichimba kwa majembe, wakabeba udongo kwa vikapu. Hata machifu waliamriwa kushika kazi, na aliyekosa kufika alitozwa faini. Ziwa likapatikana, lakini mfereji haukukamilika kamwe, na manung’uniko ya watu yakawa mengi kuliko maji yenyewe.

Kijana mmoja wa shule aliyekuwa pamoja nasi akauliza, “Babu, je, mfalme alikuwa akivua samaki?” Mzee akajibu, “La, mjukuu wangu. Alikuwa akitembea.” Kijana akanyamaza akifikiri. Kwetu sisi wa pwani hizi mtumbwi ni jembe la majini: huleta dagaa, hubeba mihogo, huvusha mgonjwa. Kupanda mtumbwi kwa kutembea tu lilikuwa jambo geni kwake, na kusema kweli hata kwetu sisi watu wazima.

Mitumbwi yenyewe ilivyokuwa

Ilikuwa mitumbwi ya namna gani? Msidhani ilikuwa magogo yaliyotobolewa tu. Mafundi wake walikuwa hasa watu wa visiwa vya Sese. Walichonga gogo refu moja likawa mkuku, kisha wakapandisha mbao juu yake, ubao kwa ubao, na mbao hizo hawakuzipigilia misumari. Walizitoboa matundu madogo wakazishona kwa kamba za mwale, na nyufa wakazikalafati kwa nyuzi za miti. Upande wa mbele mkuku ulitokeza kama pua ndefu juu ya maji, na juu ya pua hiyo gubeti lilisimama wima likiwa limepambwa kwa pembe za mnyama na manyoya ya ndege. Mbao zilipakwa rangi nyekundu ya udongo. Wapiga makafi waliketi wawili wawili, wakaimba, na makafi yote yakaingia majini kwa pigo moja.

Msafiri Stanley, aliyefika huko mwaka 1875, aliandika kwamba mtumbwi mkubwa kuliko yote aliyoiona ulikuwa na urefu wa futi 72. Huo ni karibu mita 22. Fikirini magari makubwa mawili ya abiria yakisimama kwa kufuatana, ndipo mtapata kipimo chake.

Katika nchi nyingine vyombo vya namna hii vimejengewa nyumba ili watu wa leo wavitazame. Huko Aranjuez, katika Hispania, zimehifadhiwa mashua za dhahabu ambazo wafalme walizitumia kupunga upepo juu ya mto Tajo. Huko Bangkok ziko mashua ndefu za wafalme wa Siam zenye vichwa vya ndege na majoka. Na katika Misri, mwaka 1954, kando ya piramidi ya Farao Khufu, walifukua mashua yenye miaka zaidi ya 4,500 na urefu wa mita 43 hivi. Mwaka 2021 ilihamishwa kwa uangalifu mkubwa mpaka katika jumba jipya la makumbusho. Na mbao za Farao nazo zimefungwa kwa kamba, kama zile za watu wa Sese.

Tukamwuliza mzee wetu, “Na mitumbwi ya Kabaka wa zamani, iko wapi tukaitazame?” Akanyosha mkono juu ya maji, akasema, “Kamba za mwale huoza, na mbao huoza. Mkitaka kuitazama, itazameni hapa.” Hatukuoneshwa hata ubao mmoja. Walakini desturi yenyewe haijafa, maana hata siku hizi koo za Buganda hushindana kwa mitumbwi kwa heshima ya Kabaka, na ufuo hujaa vigelegele.

Anasa na hofu

Tukiwa tumeketi ukingoni, mzee alitusimulia mambo ambayo wasafiri wa zamani waliyaona kwa macho yao.

Mwaka 1862 Mwingereza Speke alifika kwa Kabaka Mutesa. Mwezi wa Aprili mfalme akamchukua kwenda kutembea ziwani kwa mitumbwi mingi, pamoja na wake zake na watumishi wake. Walipiga ngoma, wakawinda viboko, wakatua kisiwani, wakala na kunywa. Walipokuwa wakitembea katika miti, mmoja wa wake za mfalme akaona tunda zuri, akalichuma, akampelekea mumewe. Mutesa akakasirika ghafula. Akasema hajapata kuona mwanamke kuthubutu kumpa kitu, akaamuru akamatwe auawe, mwenyewe akainua fimbo ampige kichwani. Speke akamshika mkono, akamwombea mwanamke yule uhai, naye akapona.

Hapo akina mama wote waliokuwa wakisikiliza walitikisa vichwa. Mmoja akasema, “Kwa tunda tu!” Basi hiyo ndiyo iliyokuwa anasa ya wakati ule: ngoma na nyimbo juu ya maji, na chini ya ngoma hizo kila mtu anatetemeka, asijue zamu yake itakuja lini.

Mwaka 1875, katika mwezi huo huo wa Aprili, Stanley alimkuta Mutesa pwani ya Usavara. Mfalme akaagiza mitumbwi 40 ishindane na kucheza mbele yake, naye akaketi pwani pamoja na wake zake akitazama. Na huko pwani ndipo mambo mengine yalipoanza, kwa kuwa Stanley alizungumza na mfalme habari za dini, kisha akaandika barua kwenda Uingereza kuomba walimu. Wamisionari wa Kiprotestanti wa kwanza wakafika mwezi wa Juni 1877.

Na mapadre wetu je? Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, na Bruda Amans, waliondoka Kageye, upande wetu huu wa kusini, mwezi wa Januari 1879. Walivuka Nyanza kwa chombo kidogo, karibu mwezi mzima, wakatua Kigungu, karibu na Entebbe, tarehe 17 Februari. Mutesa alipowakubali, alituma mitumbwi yake kwenda kuwachukua wenzao waliobaki kusini. Oneni jambo hili, wasomaji: mitumbwi ya mfalme, iliyoshonwa kwa ajili ya vita na anasa, ndiyo iliyowabeba mapadre. Mpiga kafi hakujua amebeba nini.

Munyonyo

Alasiri tulikwenda Munyonyo. Ni mahali pazuri pa ufuo, na ndipo Kabaka Mwanga alipohamia baada ya jumba lake la Mengo kuungua mwezi wa Februari 1886. Sasa pana kanisa la Mashahidi, na Baba Mtakatifu Fransisko alilizuru tarehe 27 Novemba 2015. Tulisali, kisha tukashuka mpaka ukingoni mwa maji kwa ajili ya habari ya mwisho ya mitumbwi, ambayo ni habari ya huzuni.

Tarehe 25 Mei 1886 Mwanga alipanda mtumbwi kwenda kuwinda viboko. Hakupata hata mmoja. Akarudi na hasira, akawaita watumishi wake vijana, asiwakute. Akaambiwa wengine wako kwenye mafundisho ya dini. Ndipo alipomkuta Dionisi Sebuggwawo, ambaye alikuwa akimfundisha dini mwana wa Katikiro. Mfalme akamchoma mkuki, na kesho yake kijana huyo akamalizwa na wauaji. Siku hiyo hiyo ya tarehe 26 aliuawa pia Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga muziki wa mfalme, ambaye alikuwa amewafundisha wengi dini. Usiku uliotangulia, Karoli Lwanga alijua kwamba saa imekaribia, akawabatiza vijana kadhaa ambao walikuwa bado wakatekumeni, na mdogo wao alikuwa Kizito. Kisha wakahukumiwa, wakatembezwa kwa miguu mpaka Namugongo, na tarehe 3 Juni wakachomwa moto. Mashahidi Wakatoliki wote wa wakati ule ni 22, ambao Papa Paulo wa Sita aliwatangaza kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Na ndugu wa Kianglikana 23 walikufa vilevile kwa ajili ya Kristo.

Tulikaa kimya. Mawimbi madogo yalikuwa yakipiga mawe. Yule mama mjane akauliza, na hii ndiyo mara ya kwanza tulisikia sauti yake siku ile: “Na huyo mfalme, aliishia wapi? Hakupata malipo?”

Mzee akamtazama, akasema, “Mama, ninyi mnaotoka upande wa Mwanza ndio mnaopaswa kunijibu. Alikuja kwenu.”

Mfalme aliyekimbia kwa mtumbwi

Basi akatueleza, na tuliporudi nyumbani tuliyatafuta maneno hayo katika vitabu, tukayakuta ni kweli.

Mwaka 1888 Mwanga aliwaogopa wote wenye kusoma dini, Wakristo na Waislamu pia. Mwezi wa Septemba akawaamuru waende ziwani, wapande mitumbwi, kana kwamba kuna safari ya vita. Shauri lake la siri lilikuwa kuwashusha katika kisiwa, kisha mitumbwi irudi bila wao, wafe njaa. Siri ikatoka. Walipofika pwani wakakataa kupanda. Wakageuka, wakamwondoa katika kiti chake, na kwa kuwa watu walikwisha kuchoka na uchimbaji wa lile ziwa na dhuluma nyingine, wachache mno walisimama kumtetea.

Ndipo mfalme yule alipopanda mtumbwi tena, safari hii bila ngoma. Alikuwa na vijana wachache tu. Wakavuka Nyanza, wakafika Magu. Wafanya biashara Waarabu waliokuwapo hapo wakamweka, wakamnyang’anya mali yake. Tena katika mwezi wa Oktoba mapadre nao walifukuzwa Buganda pamoja na wamisionari wa Kiprotestanti. Chombo chao kikapigwa na kiboko, kikatoboka, baadhi ya vijana wakafa maji, wengine wakaokoka kwa shida, wakafika kusini.

Mwanga akatoroka kutoka Magu. Alikwenda wapi? Hakuwa na nyumba, hakuwa na jeshi, hakuwa na rafiki. Akaenda Bukumbi, penye misheni ya mapadre iliyoanzishwa mwaka 1883. Walioketi hapo ndio waliowabatiza na kuwafundisha vijana wale aliowaua. Padre Lourdel mwenyewe alikuwa mmoja wao. Mwanga alibisha mlangoni kwao, nao wakamfungulia. Wakampa chakula na mahali pa kulala, wakaanza kumfundisha dini.

Hakuwa mtakatifu baada ya hapo, wala hatutaki kuwadanganya. Mwaka 1889 alimwandikia Mackay, mmisionari wa Kiprotestanti aliyekuwa Usambiro, akimwomba asiyakumbuke yaliyopita. Wakristo wa Buganda wenyewe, ndugu wa waliouawa, wakamwita arudi, na kwa msaada wao, na kwa chombo cha mfanyabiashara Stokes, akaketi tena Mengo mwezi wa Oktoba mwaka ule. Maisha yake yaliyobaki yalikuwa ya kupanda na kushuka. Mwaka 1897 aliasi, akashindwa, akakimbilia tena upande wetu, na Wajerumani wakamweka Mwanza mpaka alipowatoroka. Mwaka 1899 Waingereza wakampeleka uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli. Huko akabatizwa katika Kanisa la Anglikana kwa jina la Danieli, akafa tarehe 8 Mei 1903. Mifupa yake ilirudishwa mwaka 1910, ikazikwa Kasubi. Mpenda mitumbwi alivushwa mara ya mwisho akiwa katika jeneza.

Yule mama hakusema neno lingine. Na nyuma yetu mwenye duara alikuwa amesimama peke yake, akitazama maji.

Bukumbi

Tulirudi Kalangalala salama. Lakini jambo lile lilikataa kututoka moyoni. Tukaambiana, “Tumekwenda mpaka Uganda kuwaona Mashahidi, na mlango uliofunguliwa kwa muuaji wao uko hapa karibu, nasi hatujawahi kuutembelea kwa nia hiyo.” Basi Jumamosi iliyofuata tukapanga safari nyingine, na wote 31 wakaja, hata wale wawili.

Zamani tungalivuka ghuba kwa kivuko, tukingoja foleni kwenye jua pale Busisi. Sasa kuna daraja kubwa, urefu wake kama kilomita 3, lililofunguliwa mwezi wa Juni 2025. Gari letu lilipita juu ya maji kwa dakika chache tu. Chini yetu mitumbwi ya wavuvi ilikuwa midogo kama maganda ya karanga. Tukafikiri juu ya mfalme aliyepita katika maji ya ziwa hili usiku na mchana, akigeuka nyuma kuona kama anafuatwa.

Bukumbi si mbali na Kigongo. Tuliingia kanisani tukasali rozari, mafungu yote kwa ajili ya waliouawa na waliowaua. Kisha tukatoka tukaketi kivulini kula tulivyobeba. Mmoja wetu akasoma kwa sauti habari ya Mwanga kama tulivyoiandika hapo juu. Aliposoma mahali pale mfalme anapobisha mlangoni, alikohoa, akashindwa kuendelea kwa muda kidogo.

Ndipo mwenye duara alipoinuka. Alipita katikati ya watu, akafika mbele ya yule mama. Hakusimama, aliketi chini mavumbini, na suruali yake nzuri ilikuwa nyeusi. Akasema, “Mama, siku ile nilituma gunia. Mimi mwenyewe sikuja. Nilijua udongo umelowa. Vijana waliniambia, nami niliwashusha. Leo nimekuja.”

Watu wote walikaa kimya. Mama alikuwa ameshika kikombe cha maji, nacho kilitikisika. Alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Umechelewa.”

Yule bwana akainamisha kichwa, akasema, “Nimechelewa, mama.”

Hakuna aliyepiga vigelegele, wala hakuna aliyesimama kuomba sala. Mama alikunywa maji yake, akafunga mfuko wake, akasema, “Twendeni, jua linashuka.” Tukapanda gari. Lakini alipofika mahali pake pa kukaa aliona kwamba yule bwana, kwa mazoea, anakwenda nyuma kabisa, penye jua kali la magharibi na pazia lililochanika. Akamwita, akamwonesha kiti kitupu cha upande wa kivuli. Hakumwambia neno lingine njia nzima.

Jumapili asubuhi, mlangoni pa kanisa, tulisimama kando, kila mtu akijifanya anatafuta kitabu chake cha nyimbo. Mwenye duara akafika, akamwamkia kama alivyofanya kila Jumapili kwa miaka minne, “Mwangaluka, mayo.”

Mama akajibu, “Mwangaluka.”

Wasomaji wapendwa, hatujui mambo mengine yatakuwaje. Kijana hatarudi, na mama bado hulia usiku, ametuambia mwenyewe. Yule bwana amekwisha kuwaambia wachimbaji wake kwamba masika ijayo duara litafungwa mpaka udongo ukauke, na amekubali kulipa ada ya watoto wawili wa kaka yake marehemu, ambao mama anawalea. Hayo ni madeni ya haki, si zawadi, na sisi tutaangalia kama yanatimizwa.

Lakini tumejifunza jambo moja kwa mitumbwi ile iliyooza. Tajiri anaweza kujichimbia ziwa zima ili asikanyage udongo ambao watu wengine wanakanyaga, na bado siku moja atahitaji mlango wa mtu aliyemkosea. Siku hiyo hawezi kutuma mtumishi wala gunia. Lazima aje kwa miguu yake. Na mwenye mlango, akiwa mkristo, ana kazi ngumu kuliko ya mpiga kafi kwenye dhoruba, nayo ni kuondoa komeo. Kila siku katika sala ya Bwana tunaahidi kuifanya kazi hiyo. Mapadre wa Bukumbi waliifanya. Na Kalangalala, mama mmoja ameianza.

Kama una mtu ambaye hujajibu salamu yake, Bukumbi si mbali, na nauli yake ni ndogo. Ukikosa nauli, hata mlangoni pa kanisa lako panatosha.

Ninyi nyote tunawatakia amani ya Kristo. Mashahidi wa Uganda, mtuombee.